Kokoto, mafunjo na vijidudu: historia ya kusafisha majitaka kwa mimea

Tuanzie mbali kidogo, Ujerumani, mwaka 1892. Kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg na katika muda mfupi kikaua watu zaidi ya 8,000. Pembeni yake, umeshikamana nao kabisa, kulikuwa na mji wa Altona. Ulikuwepo mtaa ambao upande mmja ulikuwa Hamburg na upande wa pili Altona. Upande wa Hamburg watu walikuwa wanakufa, upande wa Altona karibu wote salama. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Sasa sikiliza hili: Altona ilichota maji yake chini ya Hamburg, yaani baada ya mto kubeba majitaka ya Hamburg yote. Kwa hesabu ya kawaida Altona ndiyo ingeangamia kwanza.

Tofauti ilikuwa mchanga. Altona ilipitisha maji polepole kwenye matangi ya mchanga kabla ya kuyapeleka majumbani, Hamburg haikuchuja. Robert Koch, yule yule aliyekuwa amekitambua kijidudu cha kipindupindu miaka michache kabla, alilichunguza jambo hili na akalitumia kama ushahidi.

Lakini jiulize kidogo. Bakteria ana urefu wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Nafasi kati ya punje mbili za mchanga ni kubwa mara nyingi zaidi yake, ni kama kujaribu kumzuia mbu kwa wavu wa mpira wa miguu. Basi mchanga ulimzuiaje? Jibu ni kwamba mchanga wenyewe haukufanya kazi kubwa. Baada ya siku kadhaa za kupitisha maji, juu ya mchanga hujengeka utando wa ute wenye viumbe hai vingi mno. Wajerumani wanauita Schmutzdecke, yaani blanketi la uchafu. Hilo blanketi ndilo linalonasa vijidudu, na wengine wakazi wa humo wanawala. Ukilisafisha sana, chujio linafanya kazi vibaya. Shika wazo hili, maana historia yote iliyobaki inalizunguka.

Miji ya Ulaya wakati ule ilikuwa pia na mashamba ya majitaka. Berlin, kwa mfano, ilimwaga majitaka yake kwenye mashamba makubwa nje ya mji, udongo ukachuja, mboga zikaota. Baadaye wahandisi wakahamia kwenye saruji, pampu na mashine za kupuliza hewa, na mimea ikasahaulika. Kwa mhandisi wa miaka ya 1940, majani ndani ya mtambo wa majitaka yalikuwa magugu ya kung'olewa.

Hapo ndipo anaingia mwanamke mmoja mwanabotania, Käthe Seidel. Alifanya kazi katika taasisi ya Max Planck huko Plön, kaskazini mwa Ujerumani, na baadaye Krefeld. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichukua mmea wa majini wa jamii moja na mafunjo na ndago zetu, akaupanda kwenye majitaka ya aina mbalimbali: ya viwanda vya maziwa, ya mifugo, hata yenye fenoli, ambayo ni sumu. Wataalamu wengi waliamini mimea ya aina hiyo haiwezi kuishi kwenye uchafu mzito. Ikaishi. Na alipopima maji yaliyotoka upande wa pili, aliona kolifomu, salmonela na enterokoki wamepungua sana.

Ulimwengu haukumpigia makofi. Wahandisi wa majitaka walimpinga kwa miaka, na wapo waliomtania kwa jina la Binsen-Käthe, kwa tafsiri ya karibu "Käthe wa Mafunjo". Binafsi naona upinzani ule ulikuwa na sehemu mbili ambazo hatuna budi kuzitenganisha. Sehemu moja ilikuwa dharau tu. Ya pili ilikuwa swali halali: je, ni mmea unaoua vijidudu, au ni kitu kingine kinachotokea pale mmea ulipo? Seidel mwenyewe aliamini mizizi inatoa kemikali zinazoua bakteria. Lilikuwa wazo zuri, na kama tutakavyoona, halikutosha.

Wazo likaanza kutoka maabara. Mwaka 1967 Waholanzi walijenga bwawa la matete karibu na Elburg kwa ajili ya majitaka ya kambi ya watalii. Mwaka 1974 Wajerumani wakafungua tuta kubwa la matete kijijini Othfresen, kwa mawazo ya Reinhold Kickuth, aliyewahi kushirikiana na Seidel. Kickuth alitumia udongo wenye mfinyanzi, akiamini mizizi itaufungua na maji yatapita humo. Mizizi haikuufungua vya kutosha. Udongo uliziba, maji yakapita juu juu kama mvua kwenye sakafu, na majitaka yakatoka upande wa pili bila kukutana na mizizi. Waingereza walipokwenda kujifunza Ujerumani mwaka 1985 walirudi na wazo, ila udongo wakauacha. Wakaweka kokoto. Toka hapo umbo likawa hili tunalolijua: shimo lenye kina kama cha mapajani, chini plastiki au saruji ili maji yasivuje, ndani kokoto, juu matete, na maji yanatembea chini ya uso wa kokoto. Mbu hapati pa kutaga, harufu haisumbui. Kwa Kiswahili cha ofisini tunaita ardhi oevu bandia. Mimi hapa nitaliita tuta la matete.

Lile swali la Seidel lilipata jibu zuri Santee, California, katika miaka ya 1980. Richard Gersberg na wenzake waliweka matuta yenye mimea na matuta ya kokoto tupu sambamba, wakapitisha majitaka yale yale. Walifuatilia kolifomu, na wakaongeza virusi kwa makusudi ili kuona vinakwenda wapi. Kwa mwendo wa polepole, tuta lenye mimea liliondoa karibu 99 kwa mia ya vijidudu. La kokoto tupu lilikuwa nyuma, lakini si nyuma sana. Yaani mmea unasaidia, ila mzigo mkubwa unabebwa na wengine.

Hebu mfuate bakteria mmoja wa kinyesi anapoingia. Ametoka tumboni mwa mtu, kwenye joto la nyuzi 37, giza, chakula tele. Sasa yuko kwenye maji ya baridi yenye chakula kidogo na kundi la wenyeji wasiomjua. Akiwa amejishikiza kwenye chembe ya uchafu, anazama nayo na kukwama kati ya kokoto. Akiwa anaelea peke yake, mapema au baadaye anagusa ute uliozifunika kokoto na mizizi, ananata. Ndani ya ute huo kuna protozoa wanaoishi kwa kula bakteria, na kila mmoja anaweza kumeza wengi kwa saa. Kuna virusi wanaoshambulia bakteria. Kuna bakteria wenyeji wanaomnyang'anya chakula. Asipoliwa, anakufa njaa. Mizizi inaleta hewa kidogo, inatoa sukari na kemikali zake, inaongeza eneo la ute kukaa. Kemikali za Seidel zimo, lakini ni sauti moja katika kwaya. Ni blanketi la uchafu la Altona, limelazwa chini na kupandwa majani.

Silaha kuu basi ni muda. Maji yakikaa siku tano, bakteria ana nafasi nyingi za kukutana na mauti. Yakipita kwa saa chache, anaponyoka. Mayai ya minyoo ni habari nyingine. Ni makubwa, kwa hiyo yananaswa kirahisi sana, lakini hayafi. Yai la mnyoo wa askaris linaweza kukaa hai kwenye matope kwa miaka. Maji yanatoka safi, kokoto zinabaki na deni. Siku ukifukua tuta hilo, vaa glavu na buti.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo matangazo ya mitambo hii hulipita haraka. "Linaondoa asilimia 99 ya vijidudu!" Inasikika vizuri, si ndiyo? Piga hesabu. Majitaka ghafi huweza kuwa na kolifomu za kinyesi 10,000,000 katika mililita 100, chini ya nusu glasi. Ondoa asilimia 90, zimebaki 1,000,000. Ondoa 99, zimebaki 100,000. Ondoa 99.9, zimebaki 10,000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 ulisema maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi 1,000, na yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita. Kufika hapo lazima uondoe 99.99. Ndiyo maana wanasayansi wa fani hii hawahesabu asilimia. Wanahesabu sifuri walizofuta.

Nyumbani napo tulipima. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya tuta lililojengwa chuoni, likipokea maji ambayo tayari yamepita kwenye mabwawa ya majitaka ya chuo. Kwa mwendo wa polepole liliondoa takriban asilimia 90 ya kolifomu za kinyesi; sifuri moja. Usidharau. Sifuri hiyo moja ilifutwa juu ya zile zilizofutwa na mabwawa, bila umeme na bila klorini. Ila pia usimwachie tuta moja dogo kazi yote ukadhani umemaliza.

Hapa kuna ugomvi wa wataalamu ambao mimi naupenda. Duncan Mara wa Leeds ametetea kwa miaka mingi mabwawa ya wazi, hasa kwa nchi za joto. Hoja yake ina nguvu. Mwaka 1992 yeye, Tom Curtis na Salomão Silva walionyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria wa kinyesi bwawani ukishirikiana na oksijeni na maji yenye alkali, hali ambayo mwani huitengeneza mchana. Jua tunalo bure. Sasa matete yanafanya nini? Yanatia kivuli! Unaficha vijidudu wako wasiunguzwe. Upande wa pili utajibu kwamba bwawa linataka eneo kubwa, kwamba maji yake yanatoka ya kijani yakiwa yamejaa mwani, na kwamba tuta linachuja mwani huo vizuri. Kwa maoni yangu chuo kilipatia: bwawa kwanza, tuta baadaye.

Lakini mfano mzito kuliko yote hapa kwetu haukujengwa na mtu. Uko Kampala. Mfereji wa Nakivubo unabeba maji ya mji, pamoja na yale yanayotoka mtambo wa majitaka wa Bugolobi, unaingia kwenye kinamasi cha Nakivubo, kisha ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria. Na kwenye ghuba hiyo hiyo, kilomita chache mbele, pale Ggaba, ndipo Kampala inachota maji ya kunywa. Ni Hamburg na Altona katika mji mmoja, na katikati pana mafunjo.

Katika miaka ya 1990 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walipima kinamasi hicho kwa subira. Waliona kwamba si majani yote ni sawa. Mafunjo yanaelea kama mkeka, mizizi yake inaning'inia majini, maji yanapita katikati yake na vijidudu wananaswa. Sehemu zenye nyasi za miscanthidium, mkeka ni mnene na umeshikana, maji yanateleza chini yake bila kuguswa. Majani juu ya kinamasi hayatoshi, mizizi lazima ikutane na maji. Kosa lile lile la udongo wa Kickuth, kwa sura nyingine.

Mwaka 1999 wachumi walikadiria kwamba huduma za kinamasi hicho zina thamani ya dola milioni moja au zaidi kwa mwaka. Wakati huo huo watu walikuwa wanakata mafunjo na kupanda magimbi. Usiwahukumu haraka: gimbi linauzwa sokoni Jumamosi, sifuri zilizofutwa haziuzwi popote. Ila kila mfereji mdogo wa shamba unayapa majitaka njia ya mkato kwenda ziwani, na mtambo wa Ggaba unalazimika kutumia dawa zaidi.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilibadili namna ya kuhesabu. Badala ya kudai maji yawe safi pale bombani tu, likaanza kujumlisha sifuri zinazofutwa njia nzima kutoka chooni hadi mdomoni. Mtambo unafuta kadhaa. Kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna kunafuta nyingine, maana jua na ukavu vinaua. Kuosha mboga kwa maji safi, sifuri moja. Kupika, sita au saba.

Kwa hiyo mchicha uliomwagiliwa maji ya mto Msimbazi, ukishachemka sufuriani, umepita kwenye mtambo mkubwa kuliko tuta lolote nililolitaja hapa. Giligilani uliyokata mbichi juu ya kachumbari haikupita popote. Kwa hiyo giligilani ndiyo ya kumuulizia muuzaji: imemwagiliwa maji gani, na mara ya mwisho lini?