Vyombo vikongwe vya kaure kutoka Ulaya: namna ya kuvitambua na kuvitunza

Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walianzisha makao yao katika kilima cha Nsambya, Kampala, mwaka 1895. Wakati huo sahani iliyotoka Ulaya ilibebwa na wapagazi kutoka pwani hadi Buganda, kwani reli haikufika Kisumu hadi mwaka 1901. Kwa hiyo, aliyerithi chombo cha enzi hiyo hana budi kukitambua kabla ya kukiuza au kukitumia.

Kwanza, si kila chombo cheupe kinachong'aa ni kaure. Wachina waliitengeneza kaure kwa karne nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza barani Ulaya kuanzishwa Meissen, Ujerumani, mwaka 1710. Ukiishika kaure nyembamba mbele ya taa, kivuli cha vidole huonekana upande wa pili. Chombo cha udongo hakipitishi mwanga, na palipomeguka hunyonya maji.

Sahani nyingi za Ulaya zilizopamba zidaka za nyumba za Lamu na Unguja zilikuwa za udongo, zikiwemo zile za kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi. Hata hivyo, wakusanyaji huzithamini kwa kuwa ni ushahidi wa biashara ya pwani.

Pili, tazama chini ya chombo. Jina la nchi kilikotengenezwa huashiria, kwa kawaida, kwamba ni cha baada ya mwaka 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa za kigeni ziandikwe asili yake. Alama pekee haitoshi: panga mbili za buluu zilizopishana, nembo ya Meissen, zimeigwa na wengi.

Tatu, tahadhari. Rangi na utandu wa vyombo vya kale huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huyeyushwa na vyakula vichachu kama ndimu, ukwaju na nyanya. Ni salama zaidi kuviweka kabatini kuliko kuvilia chakula. Vioshwe kwa mkono, kwa maji ya vuguvugu, na vyenye nakshi ya dhahabu visisuguliwe.

Mwisho, andika habari za chombo: nani alikinunua, wapi, na kilifikaje nyumbani. Mnunuzi huweza kuikadiria kaure kwa macho, lakini historia hiyo hupotea wazee wanaoijua wanapofariki.