Lebo Mguuni mwa Ndege

Jina la Richard Meinertzhagen nililisikia kwanza kwa babu, wala hakulitaja kwa heri. Ndiye askari wa Kiingereza aliyemwua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Alidai kwamba aliviziwa, na wakubwa wake wakamkubalia. Babu hakumkubalia hata siku moja.

Ukubwani nikapenda ndege, nikalikuta jina lile lile vitabuni, safari hii limetukuzwa. Mwaka 1954 bwana huyo aliwapa watu wa makumbusho ya London ngozi za ndege zipatazo 20,000, kila moja na lebo mguuni: mahali, tarehe, aliyeikusanya. Msomaji aelewe uzito wa lebo hiyo. Ndege akidaiwa kupatikana mbali na kwao, shahidi mara nyingi ni hiyo tu, maana ngozi haisemi ilikotoka.

Kumbe nyingi zilikuwa za wizi. Na si kwamba hakushukiwa: mwaka 1919 alipigwa marufuku kuingia chumba cha ndege cha makumbusho hayo kwa kuchukua ngozi bila ruhusa, kisha akarudishwa. Labda muungwana hakudhaniwa kuwa mwizi. Ilikuwa 1993, yeye akiwa kaburini tangu 1967, Alan Knox alipoandika waziwazi kwamba ngozi za watu wengine zilikuwa zimevishwa lebo mpya.

Kisa kinachonigusa ni cha bundi mdogo wa misitu ya India. Meinertzhagen alidai alimpata Mandvi, Gujarat, mwaka 1914. Pamela Rasmussen alipoichunguza ngozi ile aliona imejazwa na kushonwa upya, lakini mkono wa kwanza haukufutika: ulikuwa wa James Davidson, aliyekusanya ndege miaka ya 1880. Basi Novemba 1997 yeye na wenzake wakaipuuza lebo ya Mandvi, wakafuata zile za kweli. Karibu na Shahada, Maharashtra, wakamkuta bundi yu hai, baada ya miaka 113.

Mimi nina daftari langu la ndege. Zamani niliandika humo mwewe wa ugenini niliyemwona kwa kufumba na kufumbua, nikamwandika kwa wino, bila kusita. Nilipomaliza kusoma habari za bundi yule nililifungua, nikaandika pembeni: sina hakika.