Upepo, Mvukuto na Volti 19

Anayeunda chaja ya betri yenye kurekebishwa volti na ampea hukutana mapema na swali moja: umeme utoke wapi kabla haujafika kwenye sehemu ya kurekebisha? Wengi hulipita swali hili haraka, wakachukua adapta yoyote iliyosahaulika kabatini. Mimi nimekaa nalo muda mrefu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwetu Ufipa swali la chanzo cha nguvu ni kongwe kuliko umeme wenyewe.

Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma. Tanuru lao kubwa, ilungu (mengi huitwa malungu), lilijengwa kwa udongo na kumzidi mtu kimo kwa mbali; mengine yalifika mita tatu. Halikuwa na mvukuto. Hewa ya moto ilipanda ndani yake kama inavyopanda kwenye dohani ndefu, na ilipopanda ilivuta hewa baridi kupitia matundu ya chini. Mkaa na mawe ya chuma viliwaka humo siku kadhaa bila mtu kupuliza. Lakini kilichotoka kilikuwa bonge lililochanganyika na takataka. Hapo ndipo kilipohitajika kintengwe, tanuru dogo lililopulizwa kwa mvukuto wa mkono. Humo chuma kilisafishwa mpaka mhunzi akaweza kukifua kuwa jembe au shoka.

Kwa hiyo kazi ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ilitumia nguvu nyingi isiyolipiwa jasho, ila isiyodhibitika sana. Ya pili ilitumia nguvu ndogo iliyokuwa mikononi mwa fundi: akiona moto umezidi, anapunguza, ukififia, anaongeza. Sioni ubahili wala ujinga katika mpango huo. Naona watu waliojua kwamba kupata nguvu na kuitawala ni kazi mbili, na kila moja ina chombo chake.

Mwaka 1937, R. C. H. Greig aliandika kuhusu uyeyushaji huu katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati kazi yenyewe ikififia mbele ya majembe ya viwandani kutoka nje. Miongo baadaye, mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda aliyachunguza matanuru ya kusini-magharibi mwa nchi kwa tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1995. Kupitia kazi za aina hiyo tunajua kwamba hapakuwa na tanuru moja la "jadi" lisilobadilika. Palikuwa na mafundi waliochagua.

Nguvu ya kuweka akiba ilifika kwa njia nyingine. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walianza mwaka 1949 kuuziwa redio ya bei nafuu yenye umbo la sufuria, iliyotumia betri kavu, ili matangazo ya Lusaka yawafikie watu wasio na waya wa umeme. Umeme wa Sumbawanga nao ulikuja kutegemea upande huohuo: kwa miaka mingi mji umepokea umeme ulionunuliwa Zambia, ukivuka mpaka kutoka Mbala, kwa kuwa gridi ya taifa haikuwa imefika Rukwa. Mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ulibuniwa ili kuiziba nafasi hiyo.

Vijijini, betri ya sola ndiyo akiba ya nyumba. Masika yakikaza, mawingu hukaa siku nyingi, na betri ya volti 12 ikiachwa tupu muda mrefu, bamba zake hujaa chumvi ya salfeti na haipokei chaji tena kama zamani. Kwa bibi yangu hilo ni giza, na ni fedha za magunia ya mahindi. Ndiyo sababu niliiunda chaja.

Betri yake ni ya ampea-saa 50. Kwa betri ya aina hiyo, ampea 5, yaani sehemu ya kumi, ni kasi salama, na volti hupanda hadi karibu 14.4. Kifaa cha kushusha volti, chenye skrubu moja ya volti na nyingine ya ampea, huhitaji kulishwa volti za juu kuliko inazotoa. Hivyo pawasaplai ya kompyuta yenye volti 12 haifai kama ilivyo. Betri iliyojaa ina 12.6. Transfoma ya chuma ni imara, lakini hushusha kwa uwiano: umeme wa ukutani ukipungua kwa robo, kinachotoka nacho hupungua kwa robo. Jioni, watu wote wakipika na kuwasha taa, hilo si jambo la kubuni.

Nilichagua adapta ya kompyuta mpakato: volti 19, wati 90, inayokubali umeme wa ukutani kuanzia volti 100 hadi 240. Nikaweka kikomo cha ampea 4. Ampea 4 kwa volti 14.4 ni wati 58 hivi. Ukijumlisha upotevu, adapta hubeba kama 65, ikabaki na nafasi ya kupumua. Fyuzi ni ya lazima, na dayodi huzuia betri isirudishe umeme nyuma ukikatika. Kuchaji hufanyika penye hewa, kwa sababu betri hutoa haidrojeni.

Adapta ni kama ilungu: inaleta nguvu tu. Skrubu mbili ni kama kintengwe. Sisemi moja limetokana na jingine. Nasema kwamba shuleni tulifundishwa tanuru la Wafipa chini ya kichwa "jadi" na adapta chini ya kichwa "teknolojia", kana kwamba akili ya kupima ilikuja na waya. Mtoto wa Ufipa anayeamini hivyo hununua chaja iliyofungwa, na ikiharibika huitupa. Anayejua kwamba wazee wake walitenganisha chanzo na udhibiti, ataifungua kwanza.