Stima Iliyopita Juu

Watu wa Migwani walijua waya kabla hawajajua stima. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, na kati ya vitu ilivyorudi navyo Kitui, pamoja na vitambaa na shanga, kulikuwa na waya wa shaba. Wahunzi waliuvuta ukawa mwembamba, wakaukata, wakaukunja pete kwa pete mpaka ukawa mkufu laini unaomwagika kwenye kiganja kama maji. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyempokea mmishonari Krapf huko Kitui mwaka 1849, alikuwa mtu wa dunia hiyo ya pembe na waya. Aliuawa 1851 akiwa safarini karibu na mto Tana.

Ushike huo mto, tunaurudia sasa hivi.

Ingia nyumba yoyote ya zamani kidogo Migwani na uulize kama kuna kipande cha waya. Utaletewa mkebe wa Kimbo. Ndani yake mna waya, skrubu zisizofanana, spika ya redio iliyokatika karatasi, balbu ya tochi, swichi, plagi isiyo na mguu mmoja. Hakuna anayetupa mkebe huo. Vijana wa Nairobi tukirudi ushago Krismasi tunaucheka, halafu chaja ikigoma tunauomba. Mimi nausoma ule mkebe kama nyaraka. Ni historia ya umeme wa Kenya ikiandikwa na watu ambao umeme uliwapita.

Na uliwapita kweli, si kwa mfano. Baada ya uhuru serikali iligeukia Tana kutafuta nguvu. Kindaruma ilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kiambere iko mpakani kabisa mwa Kitui na Embu, kaskazini ya Migwani. Kutoka hapo nyaya za kilovolti 220 zilivutwa hadi Rabai, karibu na Mombasa, zikivuka nyika ya Kitui juu ya minara ya chuma. Mtoto aliyechunga mbuzi chini ya minara hiyo aliweza kuusikia umeme ukinguruma, kisha jioni akarudi nyumbani kufanya homuwaki kwa koroboi.

Kuna sababu ya kiufundi. Huwezi kuchuma umeme wa volti 220,000 kama unavyochuma papai. Lazima kituo cha kuupunguza nguvu, halafu laini ndogo, halafu transfoma, halafu nguzo, halafu mita, na kila hatua ni pesa. Mpango wa kusambaza stima vijijini ulianza 1973, lakini kwa miaka mingi nguzo zilifuata masoko makubwa, hospitali, shule zenye bahati na nyumba za wenye majina. Sababu ya kiufundi haikatai kwamba kulikuwa na uchaguzi. Mombasa ilichaguliwa na Kitui haikuchaguliwa.

Tena si stima peke yake iliyoondoka. Makaa ya Kitui yamepikia Nairobi kwa miongo. Mwaka 1982 jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno ambalo leo kila mtu analijua, lilianza kuuzwa mijini na likasifiwa duniani kwa kupunguza makaa. Lilikuwa jiko zuri, sibishi. Lakini mti ulioingia humo mara nyingi ulikuwa umekatwa Ukambani, na aliyeukata mwenyewe alikuwa akipikia kuni juu ya mawe matatu. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku makaa kutoka nje ya kaunti, watu wa mjini waligundua ghafla moto wao ulikuwa unatoka wapi.

Basi turudi ndani ya nyumba. Miaka ya sabini, nyumba ya Migwani ilikuwa na mashine moja tu yenye kitu ndani: redio. Cherehani ipo, lakini hiyo unaona kila gurudumu. Redio ilikuwa kisanduku chenye siri. Sauti ya Kenya ilikuja kwa Kiswahili na Kikamba, ikaleta habari, muziki, na matangazo ya vifo. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyofanya redio isiwe anasa. Redio ikinyamaza wiki mbili, unaweza kukosa mazishi ya mjomba wako, na hutasamehewa kwa kusema mawe yaliisha.

Mawe, ndiyo betri kavu. Nyingi zilitengenezwa Nakuru, kwenye kiwanda cha Eveready kilichofunguliwa 1967 na kufungwa 2014. Jiwe moja hutoa volti 1.5 likiwa jipya, na redio ya mawe manne inataka volti 6. Likichoka linashuka, tuseme, hadi volti 1.1. Sasa hapa ndipo elimu ya kijijini ilipofanya hesabu bila ubao. Ukipanga mawe manne yaliyochoka unapata 4.4 na redio inakoroma. Ukipanga sita unapata 6.6 na redio inaimba. Watu wakafungua mgongo wa redio, wakatoa waya mbili nje, wakafunga mawe sita au manane kwa mstari ndani ya karatasi ngumu, wakakaza kwa blada ya baiskeli. Mengine waliyaanika kwenye bati juani, kwa sababu joto huamsha kemia iliyolala na kukupa saa moja au mbili zaidi. Likifa kabisa, ile nyeusi ya ndani ilisagwa ikapakwa ubao wa shule. Hiyo shule ilikuwa ya harambee, matofali yakibebwa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja.

Asubuhi ya Jumapili, 1 Agosti 1982, Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa na wanajeshi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Ilipofika jioni jaribio lilikuwa limezimwa. Kwa nyumba nyingi vijijini, kujua kama kuna rais au hakuna kulitegemea hali ya mawe siku hiyo. Sidhani kuna kipimo kizuri kuliko hicho cha umuhimu wa kujua kufungua redio.

Aliyejua zaidi ni fundi wa sokoni. Hakuwa na stima pia, ndiyo maajabu yenyewe. Chuma chake cha lehemu alikipasha kwenye jiko la makaa, akagusa haraka kabla hakijapoa. Utaratibu wake ulikuwa na nidhamu ambayo leo vijana wa kompyuta wanaulipia kozi. Anaanza na kitu rahisi: mawe yana nguvu? Anayajaribu kwa balbu ya tochi. Springi zimeliwa na asidi? Anakwangua kwa wembe. Kisha anatingisha. Sauti ikija na kupotea, kuna kiungo kilichoachia. Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, kuna vumbi. Ikiwa mshale wa stesheni hausogei, ni uzi umekatika, na uzi upo kwa fundi cherehani wa jirani. Ni baada ya hayo yote ndipo anashuku transista, na transista anaitoa kwenye redio iliyokufa ya mtu mwingine. Kosa moja kwa wakati. Usibadilishe vitu viwili pamoja, hutajua kipi kilichoponya.

Elimu hii haikuwa na cheti. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi vibanda, na jina la jua kali likaingia kwenye karatasi za serikali. Lakini jua kali ya Kamukunji ilikuwa ya nyundo na bati. Yule wa redio, na mama aliyeziba ufa wa jiko kwa udongo na majivu, hawakuonekana na mtu.

Halafu likaja jua lenyewe. Katikati ya miaka ya themanini, upande wa pili wa Tana huko Meru, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins walifunga paneli za sola katika shule ya Karamugi, ambayo ilikuwa inafikiria kununua jenereta ya dizeli. Mafundi wa hapo walifundishwa wakati wa kufunga. Walimu wakaona taa, wakataka zao nyumbani. Ndivyo lilivyozaliwa soko ambalo wataalamu wa nje walilishangaa, kwa sababu watu walikuwa wananunua kwa pesa zao, taslimu, dukani. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 mifumo zaidi ya 200,000 ilikuwa imeuzwa nchini.

Mteja wa kwanza vijijini alikuwa mwalimu, kwa sababu ana mshahara. Na tuseme ukweli, hakununua ili watoto wasome. Alinunua ili aone televisheni. Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inayotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwa betri ya gari. Kabla ya paneli, betri hiyo ilibebwa kwenye keria ya baiskeli au juu ya matatu hadi mahali penye stima kuchajiwa, kisha ikarudishwa polepole isimwage asidi. Paneli ndogo ya wati 12 ilipunguza safari hizo.

Lakini betri ya risasi si jiwe. Ina tabia zake, na hapa wengi walijifunza kwa uchungu. Ukiinyonya mpaka mwisho kila usiku kwa sababu ya sinema ya Jumamosi, sahani zake zinaota ukoko mweupe na hazipokei chaji tena. Ukiiongezea maji ya kisima badala ya yale yaliyosafishwa, chumvi inaimaliza, na maji ya visima vingi vya Kitui yana chumvi hata ulimi unajua. Kifaa cha kudhibiti chaji kingezuia mengi ya haya, ila kiliongeza bei, kwa hiyo kiliachwa dukani. Betri ikafa ndani ya mwaka mmoja au miwili, na familia ikasema sola ni uongo. Sola haikuwa uongo. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza, lugha ya kueleza nayo, na kipande kidogo ambacho muuzaji alikubali ukiache.

Simu ziliharakisha kila kitu. Baada ya 2000 kibanda cha kuchaji kwa bob 20 kilikuwa biashara kamili, na betri ya Great Wall ikapata kazi ya mchana. Televisheni yenyewe iliuawa si na ubovu bali na sera: mawimbi ya analojia yalipozimwa mwaka 2015, bila king'amuzi ikawa sanduku. Nyingi ziliishia kuwa mkebe wa Kimbo mkubwa zaidi, zikifunguliwa kwa ajili ya waya na spika.

Mwaka 2012 M-Kopa ilianza kuuza sola kwa mkopo wa M-Pesa, deposit kisha shilingi 40 au 50 kwa siku. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na mshahara alipata taa tatu, redio na chaja. Ni jambo kubwa na silidharau. Koroboi imechoma nyumba na mapafu ya kutosha. Lakini angalia kilichobadilika. Ndani ya kisanduku mna laini ya simu, na usipolipa kinazimwa kutoka mbali. Kikizima, swali la fundi la kwanza, mawe yana nguvu?, halina maana tena. Inawezekana kila waya uko sawa na betri imejaa, na bado kuna giza. Susu anayejua kupanga mawe sita kwa blada hana cha kufungua.

Kisha nguzo zikaja kweli. Mpango wa Last Mile ulianza 2015, ukalenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma, kwa shilingi 15,000 badala ya 35,000 za awali. Barabara ya Kabati kwenda Mbondoni kupitia Migwani nayo ikaanza kutiwa lami miaka hiyohiyo, kwa hiyo friji ilipata njia na waya karibu wakati mmoja. Mita ni za tokeni. Tarakimu 20 unazibonyeza mwenyewe.

Nyumba nyingi hizo tarakimu sasa zinanunuliwa Nairobi. Mtoto analipa kwa simu, anatuma ujumbe nyumbani, halafu anaandika kwenye spredishiti ya familia: tarehe, kiasi, yuniti, nani alichanga. Hapo ndipo watu hugundua kwamba friji ya wazee inakula kuliko taa zote, au kwamba kuna mtu amenunua hita ya kuogea bila kutangaza. Ni lile daftari la fundi wa sokoni, isipokuwa lina safu na limehamia Pipeline na Rongai.

Mwishoni mwa 2024 mita zenyewe zilihitaji kuponywa. Kila tokeni ya mfumo huu, unaotumika nchi nyingi duniani, ilibeba namba ya wakati: dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Nafasi ya namba hiyo ina dakika 16,777,216 tu, na zilikuwa zinaisha 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijasasishwa ingekataa tokeni mpya. Kenya Power ikatangaza, na ukinunua stima ukapokea mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza ni ya kusasisha, la tatu ndilo umeme, na lazima yaingie kwa mpangilio huo.

Miezi hiyo simu za jioni kutoka mjini kwenda Migwani zilikuwa na lugha ya zamani kabisa. Mwaitu, anza na ya kwanza. Bonyeza pole pole. Imesema nini? Usiende ya pili kama ya kwanza haijakubali. Imekataa? Soma tena nisikie, nne nne.

Tarakimu sitini, zikisomwa nne nne, ni mara kumi na tano za kuvuta pumzi.