Babu na nyanya wanne, rangi nne

Swali la haraka. Una babu na nyanya wangapi? Wanne, hiyo ni rahisi. Sasa nitajie ndugu zao, wale waliozaliwa nao tumbo moja. Umenyamaza, sindio? Usijali, hata mimi nilikwama nikifika kwa wa pili.

Nauliza kwa sababu kuna mbinu ya kutafuta ukoo kwa DNA ambayo imesimama juu ya swali hilo hilo.

Iko hivi. Ukitema mate kwa kichupa na kutumia kampuni ya DNA, hawakurudishii jina la babu yako. Wanakupa orodha ya watu, wakati mwingine maelfu, kila mmoja na namba ya sentimogani, yaani kipimo cha DNA mnayoshiriki. Binamu wa kwanza huwa karibu 870 kwa wastani. Binamu wa pili, karibu 230. Lakini nani ni wa upande wa mama na nani wa baba? Mara nyingi hiyo ni shauri yako. Wengi walikuwa wanazama hapo.

Mwaka 2018, mtafiti wa koo kutoka Marekani, Dana Leeds, akaleta njia rahisi hadi unashangaa. Chukua watu walio kati ya sentimogani 400 na 90. Wa kwanza mpe rangi, tuseme bluu. Angalia nani kwa orodha yako analingana naye pia, naye mpe bluu. Shuka hadi kwa mtu wa kwanza asiye na rangi, mpe kijani, halafu rudia. Ukimaliza, mara nyingi unabaki na makundi manne.

Kwa nini manne? Binamu wa pili mnaunganishwa na mmoja tu kati ya wale wanne: labda babu yako na nyanya yake walikuwa ndugu. Binamu wa kwanza anaachwa nje makusudi, kwa sababu mnashiriki babu na nyanya wote wawili, na angekuchanganyia rangi mbili.

Wakikuyu walishapiga hesabu hii kitambo bila maabara. Mvulana wa kwanza anaitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa nyanya. Familia yenye wavulana wawili na wasichana wawili imeandika zile rangi nne kwa majina ya watoto.

Na hii si mchezo wa watu wenye pesa na wakati. Marekani, sensa za 1850 na 1860 ziliorodhesha watumwa kwa umri na jinsia, mara nyingi bila majina. Wengi wao walitajwa kwa jina mara ya kwanza 1870. Kwa vitukuu vyao, kupanga binamu wa DNA kwa makundi ni njia mojawapo ya kuruka huo ukuta.

Hapa kwetu, nenda Nanyuki. Jeshi la Uingereza limefanya mazoezi huko tangu enzi za uhuru, na kuna watoto waliobaki bila baba. Baadhi wamepimwa DNA, wakalinganishwa na jamaa waliopimwa Uingereza, na mti wa ukoo ukajengwa hadi kwa baba mwenyewe. Mahakama ya London imeshathibitisha baadhi yao. Fikiria uzito wa kukosea hapo: unamtaja mwanaume wa watu, kumbe ni binamu yake.

Lakini rangi pia hudanganya. Binamu wakioana, kama ilivyo kawaida kwa familia nyingi za Pwani, makundi yanaingiliana. Babu akiwa na wake wawili, mjukuu wa mke mwenza anashiriki nawe karibu nusu ya DNA ya binamu wa kwanza kamili, na unaweza kumdhania wa mbali.

Tena ona hili: watoto wa Nanyuki walipata jamaa upande wa baba kwa sababu Waingereza wengi wamepimwa. Upande wa mama unabaki mtupu. Wakenya waliopimwa ni wachache sana, kwa hivyo ukitema mate leo, usishangae kupata binamu wa mbali mbali tu.

Ndio maana msimamo wangu ni huu: kabla ya kununua kichupa, tafuta daftari. Chora safu nne, moja kwa kila babu na nyanya, uandike ndugu zao, wake wenza na walikoolewa. Bila hayo majina, hata ukipata kundi la bluu hutajua ni la nani. Kampuni inaweza kungoja miaka kumi. Shosho ako na miaka 80 na kitu.

Mpigie Jumapili hii, na usianze na yeye. Anza na dada zake.