Hasira ina wakili, hofu haina

Wadau, ukijitambulisha Dar kwamba umetoka Sumbawanga, kitu cha kwanza utakachosikia ni radi. "Jamani msimuudhi huyo, atawatupia radi mchana kweupe!" Tumezoea, tunacheka nao. Hata jina la mji wazee wanalieleza hivyo hivyo: sumba uwanga, tupa uchawi. Ukipanda huku kwenye baridi ya Ufipa, ya kwako yaache huko huko bondeni.

Kuna mahali utani huo hauchekeshi, nako ni mahakamani. Niliwahi kuripoti kesi ya mzee aliyekatwa mapanga usiku na kijana wa ukoo wake. Nikaandika aya nne, kichwa cha habari "Auawa kwa imani za kishirikina", gazeti likatoka, tukasahau. Baadaye ikanisumbua. Maneno hayo "imani za kishirikina" yanafunga mjadala. Hakuna anayeuliza huyo kijana aliishi na kitu gani kichwani miezi yote kabla ya usiku ule.

Ndipo nilipoanza kutafuta masomo ya juu yanayounganisha sheria na saikolojia. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa mwanangu, utakuwa wakili au mganga wa vichaa?" Jibu langu ni refu kidogo, mnivumilie.

Tuanzie 1928. Mwaka huo serikali ya Mwingereza ilitunga Sheria ya Uchawi ya Tanganyika, na mpaka leo bado tunayo. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, mwenye vifaa vyake na anayemtisha mwenzake kwa uchawi. Inampa pia Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi kwingine. Inashughulika na anayeogopwa. Anayeogopa haina la kumwambia.

Wananchi wakajitafutia dawa wenyewe. Miaka ya 1930 walitoka Nyasaland (Malawi ya leo) vijana walioitwa Mchape, wakazunguka vijiji na dawa za kuwasafisha wachawi. Mtafiti Audrey Richards aliwaona upande wa Wabemba na akaandika habari zao mwaka 1935: watu walipangwa mstari, mchape akawatazama mmoja mmoja kwenye kioo. Uhuru ukaja, mambo yakarudi. Mtafiti mwingine, Roy Willis, alikuwa Ufipa miaka ya mwanzo ya 1960 wimbi la Kamchape lilipopita, na makala yake ilitoka 1968. Alichokikuta ni kwamba vijana walikuwa mbele, na walionyooshewa vidole zaidi ni wazee. Yaani chini ya uchawi kulikuwa na ugomvi wa rika na rika.

Na majaji je? Hapa ndipo penye utamu kwa mtu anayependa historia. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza pia rufaa za Tanganyika, ilipata kesi ya Fabiano Kinene kutoka Uganda. Watu walimkuta mtu usiku akitambaa uchi kwenye boma lao, wakaamini anawaroga, wakamuua. Mahakama ikasema mtu wa kawaida wa jamii ile angepandwa na hasira za ghafla. Kosa likashushwa, ikawa kuua bila kukusudia.

Mwaka 1951 ikaja kesi ya Eria Galikuwa, naye wa Uganda. Huyu alitishwa na mganga kwamba asipotoa fedha atakufa. Akaishi na tishio hilo, akaona hana pa kutokea, akamuua mganga. Safari hii mahakama ilikataa: hiyo ni hofu, si hasira, na hakukuwa na jambo la ghafla.

Mmeona tofauti? Aliyelipuka kwa dakika moja anasikilizwa. Aliyekaa na hofu mpaka ikamla anahesabiwa kuwa alipanga. Kwa sheria yetu tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Mlango mwingine ni ukichaa, ambao kipimo chake mizizi yake ni kesi ya M'Naghten ya Uingereza, 1843. Mtuhumiwa anapelekwa Isanga, Dodoma, madaktari wanamchunguza. Lakini kijana wetu si kichaa! Anaamini kile wanachoamini majirani zake.

Simtetei muuaji. Mzee yule alikuwa na wajukuu, na hofu ya mtu mwingine haikumpa mtu ruhusa ya kumkata. Ninachosema ni kwamba mstari kati ya hasira na hofu ni swali la saikolojia, na waliouchora ni wanasheria peke yao.

Wenzetu waliliona mapema. Mwaka 1908 Hugo Münsterberg wa Harvard aliandika kitabu kuhusu makosa ya kumbukumbu za mashahidi. Mwaka 1974, mwaka ule ule Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, Chuo Kikuu cha Nebraska kilianza kufundisha sheria na saikolojia kwa pamoja. Hata kwetu, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani, 1980, ilitaka jaji ajiulize shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani na mwanga gani. Hiyo ni saikolojia tupu, ingawa haikuitwa hivyo.

Basi mama mdogo, sitakuwa mganga wa vichaa. Nataka niwe mtu anayeweza kusimama kizimbani na kumweleza jaji hofu inavyofanya kazi Ufipa. Zaidi ya hapo, nataka hofu hiyo iwahiwe kijijini kabla mtu hajashika panga.

Na ile habari ya aya nne? Bado ninayo. Siku moja nitaiandika upya.