Mrao, Gumegume, Fataki: Bunduki Mkononi mwa Mhusika

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani usiokuwa na mshindi. Wachezaji huketi wakaizunguka meza, kila mmoja akajitwalia mhusika wake, na mmoja wao akashika kazi ya usimulizi na uamuzi. Dadu tatu hurushwa ili ijulikane nguvu ya mhusika, akili yake na haiba yake. Baada ya hapo hadithi huenda kwa kauli na majibu, na penye shaka dadu huulizwa tena. Aliyekulia katika majibizano ya washairi hataona ugeni mkubwa hapo, isipokuwa kwamba vina havitakiwi.

Nasaba ya mchezo huu ni ya kijeshi. Mwaka 1824, katika Prussia, afisa kijana aitwaye Reiswitz alitoa mchezo wa vita wa ramani na dadu, akiiendeleza kazi ya baba yake, na maofisa wakaufanya chuo cha kujifunzia. Mmarekani alichoongeza ni mtu. Jeshi zima likapunguzwa hata likawa nafsi moja yenye jina, kazi na hofu.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa panga na mazimwi, na upanga haudai tarehe. Ilipokuja michezo ya Magharibi ya Marekani mwaka 1975, kisha ile ya Sandy Petersen ya mwaka 1981, ambayo wahusika wake ni maprofesa, waandishi wa habari na matabibu wa miaka ya 1920, ndipo lilipozuka swali la bunduki gani kwa nani. Vitabu vikajibu kwa majedwali: jina la silaha, umbali wake, idadi ya risasi zake. Mchezaji huutazama mwaka, akachagua. Bastola ya Colt ya mwaka 1873 haiwezi kupewa mtu wa mwaka 1850, na mwenye kufanya hivyo ameivunja hadithi kabla haijaanza. Ni adabu njema ya kihistoria. Lakini je, yatosha?

Kiswahili kina jedwali lake la silaha, nalo limefichwa ndani ya majina. Bunduki ya mrao ni ile ya kale iliyowashwa kwa utambi unaofuka. Bunduki ya gumegume ilitoa moto wake katika jiwe: jiwe hugonga chuma, cheche ikaangukia baruti. Bunduki ya fataki ililipuka kwa kifuniko kidogo chenye dawa, na chimbuko lake ni uvumbuzi ambao Alexander Forsyth, kasisi wa Uskochi, aliupatia hakimiliki mwaka 1807. Mwisho ikaja ya viasi, ambamo baruti na risasi zimefungwa pamoja na kutiwa kwa nyuma. Zile za kushindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni, zote huitwa magobori. Mfasiri atakayeitia michezo hii katika Kiswahili hana haja ya kuunda istilahi. Wenyewe walikwisha kuzisema, kila moja kwa jinsi moto wake ulivyozaliwa.

Ila Pwani haikuenda kwa mwaka peke yake. Mkataba wa biashara wa mwaka 1833, baina ya Marekani na Sayyid Said, uliwaruhusu Wamarekani kuuza bidhaa zao katika bandari zote za Sayyid, kwa sharti moja: bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kisiwani Unguja ila kwa serikali yenyewe. Katika bandari nyinginezo ziliuzwa bila kizuizi. Basi mchezaji anayemweka mhusika wake katika miaka ya 1840, kabla hajauliza ni bunduki gani, yampasa kuuliza ni bandari gani. Mfanyabiashara wa mrima angeweza kununua kile ambacho jirani yake wa Unguja amekatazwa. Na mpagazi aliyetembea nyuma ya mfanyabiashara huyo alikuwa na frasila mbili za pembe begani. Bunduki yake, kama alikuwa nayo, ilikuwa gobori, na siku ya masika gobori la gumegume lenye baruti mbichi halikuwa na faida kuliko rungu.

Tarehe 2 Julai 1890 mambo yakazidi kupindika. Mataifa yaliyokutana Brussels, Uingereza, Ujerumani na Zanzibar yakiwa miongoni mwao, yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake, silaha za kisasa na viasi vyake zilipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini hata nyuzi 22 kusini. Kilichoweza kuuzwa kwa ruhusa ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwakata mikono wawinda watumwa, na biashara hiyo kweli ilikuwa ikila watu. Hata hivyo, askari wa dola zilizotia saini hawakuguswa. Kwa sheria, raia akarudishwa katika zama za jiwe na cheche, wakati aliyemtawala alikuwa na bunduki ya viasi na mzinga wa Maxim. Jedwali litakaloandika mwaka 1895 kisha likaorodhesha silaha za mwaka huo, bila kuuliza mhusika ni nani, litakuwa limesema kweli juu ya viwanda vya Ulaya na uongo juu ya Pwani.

Wala askari mwenyewe hakuwa mbele kama alivyodhaniwa. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, wengi wa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, yenye kubeba kiasi kimoja tu kwa mara. Baruti yake ilikuwa ile nyeusi ya zamani, na kila askari alipofyatua, wingu la moshi lilisimama juu ya mahali alipojificha.